Kutoka Saidia Fundi Hadi Leseni: Mwongozo wa Kusomea Ufundi Umeme

Mpe mtu soketi iliyokufa aitengeneze, kisha mtazame. Mmoja ataingiza bisibisi papo hapo, akitegemea bahati na ndala zake za mpira. Mwingine atakwenda kwenye meni swichi, atazima, atarudi na kipimo, atapima, na ndipo atakapogusa skrubu. Mtaani wote wawili wanaitwa fundi, lakini aliyefundishwa ni mmoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuwa huyo wa pili. Huenda umemaliza kidato cha nne, huenda wewe ni saidia fundi uliyebeba mabomba ya watu kwa muda mrefu, au ni mzazi unayemtafutia binti yako chuo. Taratibu nitakazozieleza ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina shirika lake la umeme, ZECO, na msimamizi wake, ZURA. Msomaji wa Kenya mitihani ya madaraja ya ufundi ataikuta NITA, na leseni EPRA. Usalama na hesabu havibadiliki popote ulipo.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kazi hii inataka vitu vitatu kwa pamoja: hesabu kichwani, mazoea mkononi na leseni mfukoni. Mwenye mkono bila hesabu atafunga nyumba itakayoungua. Mwenye cheti bila mkono hatadumu kazini wiki moja. Na mwenye vyote viwili bila leseni atasuka umeme kwa jina la mtu mwingine, alipwe kidogo, na siku ya tatizo awe hana pa kusimamia.

Kwa nini huwezi kujifunza kwa kutazama tu

Kazi mbovu ya umeme huwaka. Fundi mwashi akikosea, ukuta unapinda na kila mtu anaona. Kwa umeme, taa itawaka vizuri hata kama hakuna ethi. Itawaka hata kama swichi inakata nyutro badala ya laivu. Mwenye nyumba akizima, balbu inazimika, naye anaamini hakuna umeme, kumbe holda bado ina volti 230 zikimsubiri siku atakapobadilisha balbu. Mteja hana jicho la kulipima hilo. Anakutegemea wewe, na wewe huwezi kulijua kwa kumtazama fundi mwingine anayekosea vilevile.

Chukua skrubu iliyolegea. Fungua soketi ya jikoni ambayo wenyewe wanalalamika kwamba "inanuka". Mara nyingi utaona plastiki imegeuka kahawia upande mmoja tu, pale waya wa laivu unapoingia, na mpira wa waya umekuwa mgumu na unakatika ukiukunja. Waya haukukazwa sawasawa, kwa hiyo mahali pa mgusano pamepata ukinzani. Tuseme ni nusu ya omu tu. Birika likivuta ampia 10, joto linalozaliwa pale ni ampia mara ampia mara ukinzani: 10 × 10 × 0.5, yaani wati 50. Hilo ni joto la pasi ya kulehemu, limefichwa ndani ya ukuta. Na breka haitaruka, kwa sababu ampia 10 kwake ni mzigo wa kawaida. Aliyejifunza kwa kutazama atabadilisha soketi na kuondoka. Aliyesoma atakata sehemu ya waya iliyoungua, atamenya upya, atakaza, atauvuta waya kwa mkono kuhakikisha haung'oki, kisha atakagua soketi nyingine zote zilizofungwa na mkono uleule.

Hatua ya 1: Jua ngazi unayoitaka

Nchini tunazo ngazi tatu zinazofanya kazi pamoja. Fundi mchundo ndiye anayefunga, anayevuta nyaya na kutengeneza. Fundi sanifu husoma michoro, husimamia, hupima na kutafuta hitilafu ngumu. Mhandisi husanifu na kubeba dhamana ya mradi. Unaweza kuanzia chini ukapanda, na wengi wazuri ninaowaheshimu walipitia njia hiyo.

1. Njia ya VETA. Mamlaka hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ina vyuo karibu kila mkoa. Kozi ndefu ina ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA I, II na III. Masomo kwa kawaida huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla, basi fuatilia mapema.
2. Njia ya stashahada. Ukiwa na ufaulu wa sayansi na hisabati kidato cha nne, unaweza kwenda chuo cha ufundi kama DIT Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Hapo unasoma ngazi ya 4, 5 na 6 chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na unatoka fundi sanifu. Aliyemaliza NVA III naye huweza kuingilia ngazi ya 4.
3. Njia ya sekondari za ufundi. Shule kama Ifunda, Iyunga na Bwiru hufundisha umeme sambamba na masomo ya kawaida. Mzazi mwenye mtoto anayependa kufunguafungua redio na afikirie hili kabla mtoto hajaingia kidato cha kwanza.
4. Njia ya kurasimisha ujuzi. Kama umejifunzia mtaani, VETA hupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, inakuonyesha mapengo, inakupa mafunzo ya kuyaziba na kukupa cheti. Usiione aibu. Kwa saidia fundi mwenye familia, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote.

Wasichana wasikubali kuambiwa kwamba hii ni kazi ya nguvu. Kubeba nguzo ni sehemu ndogo sana ya kazi. Iliyobaki ni kichwa, macho na vidole vyenye subira. Macho yenyewe yapimwe kabla ya kulipa ada: asiyetofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, atapata taabu kubwa na hatari.

Hatua ya 2: Kagua chuo kabla ya kulipa

Vyuo binafsi ni vingi, na baadhi vinafundisha umeme kwa chaki peke yake. Nenda mwenyewe, uombe kuonyeshwa karakana, na ujibu maswali haya:

☐ Je, chuo kina namba ya usajili wa VETA au NACTVET, na je, kozi ya umeme yenyewe imesajiliwa?
☐ Je, karakana ina vibao vya kutosha ili kila mwanafunzi afunge kwa mkono wake?
☐ Je, kuna kipimo cha ukinzani wa mpira wa waya, kile mafundi wanachokiita mega, na je, wanafunzi wanakishika?
☐ Je, wanafundisha mota na fezi tatu, au wanaishia kwenye taa na soketi?
☐ Je, wanakutafutia mahali pa mafunzo kwa vitendo, au unatafuta mwenyewe?
☐ Je, wamekupa orodha ya malipo yote kwa maandishi, pamoja na vifaa na mitihani?

Karakana ikiwa imefungwa na "mwenye ufunguo hayupo", rudi siku nyingine. Ukiikuta imefungwa tena, tafuta chuo kingine.

Hatua ya 3: Anza na hesabu, hata kabla ya chuo

Hesabu ya fundi wa majumbani si kubwa. Wati ni volti mara ampia. Kwetu volti ni 230 kwa fezi moja, na 400 kati ya fezi na fezi. Ukijua wati za kifaa, gawanya kwa 230 upate ampia.

Jizoeze nyumbani leo. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya ampia 13. Jumla ni wati 3,200. Gawa kwa 230: ni ampia 13.9, tayari zimevuka. Sasa hita ya bafuni ya wati 5,000: ni karibu ampia 22. Hapo utaona mwenyewe kwa nini hita haiwezi kuunganishwa kwenye waya wa soketi, na kwa nini inadai waya wake, breka yake na swichi yake.

Katika nyumba za kawaida utakutana na saizi hizi: waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, na wa 4 au 6 kwa jiko na hita. Usizikariri kama dua. Uliza kila mara mzigo ni ampia ngapi, waya una urefu gani, umepita wapi na umebanana na nyaya ngapi, kwa sababu waya uliosongamana kwenye bomba chini ya bati la joto hubeba kidogo kuliko waya ulio wazi.

Breka hulinda waya. Ukilielewa hilo, hutafanya kosa ambalo limechoma nyumba nyingi: breka ya ampia 20 inaruka kila jioni, fundi anaweka ya ampia 32, mteja anafurahi. Breka imetulia, lakini sasa waya ndio unaobeba adhabu.

Hatua ya 4: Tafuta mkono wa kukufundisha

Chuo kitakupa msingi. Wepesi wa mkono unapatikana saiti: kulaza mabomba kabla zege la slebu halijamwagwa, kukunja kona bila kubana njia, kuvuta nyaya bila kuchuna mpira. Serikali ina utaratibu wa uanagenzi, ambapo mwanafunzi hugawa muda kati ya chuo na kiwanda. Ukiupata, ushike. Usipoupata, mfuate fundi mwenye leseni umwombe kufanya naye kazi wakati wa likizo.

Namna ya kumchagua: mwangalie anapofunga kibao cha breka. Nyaya zake zimepangwa? Kila breka ina jina? Anapima kabla ya kuwasha? Akikuambia "hiyo ethi achana nayo, wenyewe hawataiona", shukuru kwa chai na uondoke.

Ukishampata, heshimu kazi ndogo. Chimbia ukuta, osha vifaa, fika mapema. Lakini usikubali kubaki wa kuchimbia tu. Omba kila juma ufundishwe kitu kimoja: leo kumenya waya, kesho kufunga swichi ya njia mbili ya ngazini, halafu kusoma mchoro. Na uwe na daftari. Kila kazi andika tarehe, mahali, ulichofanya, saizi za waya na breka, vipimo ulivyosoma, kisha mwombe fundi wako atie saini. Daftari hilo litakusemea siku ya kuomba leseni, siku ambayo maneno matupu hayatoshi.

> KISANDUKU: KUZIMA KWA USALAMA
>
> Fanya hivi kila mara, hata kwa balbu moja, hata mteja akikuharakisha.
>
> 1. Tambua breka au swichi inayolisha sehemu unayokwenda kugusa. Uliza kama kuna jenereta, betri au sola. Vyote hivyo vinaweza kurudisha umeme hata meni swichi ikiwa imezimwa.
> 2. Zima. Funga kwa kufuli kama kuna nafasi. Kama hakuna, weka karatasi yenye jina lako na mpe mtu mmoja jukumu la kulinda.
> 3. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme unaoujua. Kisomeke.
> 4. Pima sehemu ya kazi: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi.
> 5. Rudi ujaribu kipimo mahali pale pa kwanza. Kama sasa hakisomi, kipimo kimekufa, na hatua ya 4 haina maana. Anza upya.
> 6. Ndipo uguse.
>
> Tesita ya bisibisi yenye kitaa kidogo isikutoshe kwa hatua ya 4. Kitaa chake huweza kushindwa kuwaka wakati umeme upo.

Rangi za nyaya: mtego wa nyumba za zamani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatari yake haifundishwi inavyostahili. Katika rangi mpya, kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Katika rangi za zamani, nyekundu ilikuwa laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Hadi hapo mambo ni mepesi.

Ugumu uko kwenye fezi tatu. Mfumo wa zamani ulitumia nyekundu, njano na buluu kwa fezi. Mfumo mpya unatumia kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake buluu, ambayo kwako uliyesoma juzi ni nyutro, katika jengo la zamani inaweza kuwa fezi kamili. Na nyeusi, ambayo kwa mzee aliyekufundisha ni nyutro, katika jengo jipya ni fezi. Majengo yaliyoongezwa vyumba yana mifumo yote miwili kwenye kibao kimoja. Zaidi ya hapo, kuna fundi aliyeishiwa waya akavuta rangi yoyote iliyokuwepo. Kwa hiyo rangi ikupe dhana tu. Jibu likupe kipimo.

Makosa wanayofanya wanaoanza

*Kuunganisha waya ndani ya bomba.* Kiungo kikilegea huko hakuna atakayekiona. Viungo vyote viwe ndani ya boksi linalofunguka.

*Kuchimbia ethi kwa mazoea.* Rodi iliyopigwa nusu mita kwenye udongo mkavu wa Dodoma haifanyi kazi iliyokusudiwa. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa taabu. Rodi iende chini hadi kwenye unyevu, au ziongezwe, kisha ipimwe. Pwani udongo una unyevu lakini chumvi hula chuma, basi tumia rodi iliyopakwa shaba na ukague kiungo chake.

*Kusahau kinga ya uvujaji.* Kifaa kinachokata umeme unapovuja ampia 0.03 tu ndicho kinachomwokoa mtu aliyeshika friji yenye hitilafu akiwa peku. Breka ya kawaida haimwoni mtu huyo. Kina kitufe cha majaribio; mfundishe mteja kukibonyeza mara kwa mara.

*Kuwasha bila kupima.* Kabla ya umeme kuingia, toa balbu na chomoa vifaa vyote, kisha pima ukinzani wa mpira kwa volti 500. Usomaji uwe megaomu 1 au zaidi. Ukishuka hapo, kuna waya uliochunwa au maji mahali fulani. Tafuta.

*Ngazi ya aluminiamu karibu na nyaya za nje.* Tumia ya mbao kavu au faibaglasi. Na nyaya za kwenye nguzo, hata ukizijua, ni za shirika la umeme, TANESCO. Si zako kugusa.

> KISANDUKU: MWENZAKO AKIPIGWA SHOTI
>
> 1. Usimshike. Zima umeme kwanza.
> 2. Kama huwezi kuzima umeme wa nyumbani, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mti mkavu, ukiwa umesimama pakavu. Kama ni waya wa nguzo ulioanguka, kaa mbali, zuia watu, piga simu TANESCO.
> 3. Piga 112.
> 4. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.
> 5. Hata akiamka na kusema yuko salama, apelekwe hospitali. Moyo huweza kusumbua baadaye.

Hatua ya 5: Vifaa, kwa mpangilio wa umuhimu

Vijana wengi hununua drili kwanza kwa sababu inaonekana. Nunua hivi: multimita yenye alama ya CAT III ya volti 600 au zaidi; bisibisi na plaizi zenye alama ya volti 1,000 kwenye vipini; kisu cha kumenyea, koleo la kukatia, futi, pimamaji, nyundo na patasi; springi ya kukunjia bomba na waya wa kuvutia; viatu vyenye soli nene ya mpira na miwani. Drili ije baadaye. Multimita ya bei ya chini isiyo na alama yoyote inaweza kulipuka mkononi ukiigusisha mahali penye nguvu kubwa, kwa hiyo hapo usibane pesa.

Hatua ya 6: Leseni

Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaipa EWURA, msimamizi wa nishati na maji, mamlaka ya kutoa leseni za kufunga mifumo ya umeme. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi unayoruhusiwa kufanya. Andaa cheti chako, daftari la kazi, na barua za waliokusimamia. Maombi hufanywa kwenye mtandao, na ujiandae kuhojiwa juu ya kazi uliyosema umeifanya. Soma masharti ya daraja unaloliomba kabla ya kujaza chochote.

Hapa kuna desturi mbaya inayopaswa kutajwa. Nyumba haiunganishwi umeme mpaka mwenye leseni athibitishe ufungaji wake kwa saini na muhuri. Wapo wenye leseni wanaouza muhuri huo kwa nyumba ambayo hawajawahi kuikanyaga. Kijana asiye na leseni ndiye aliyesuka, mwenye muhuri amechukua chake, na familia inalala ndani ya kazi isiyokaguliwa na mtu yeyote anayejua. Ukiwa bado huna leseni, fanya kazi chini ya mtu anayekuja saiti kweli. Ukiipata, usiuze jina lako.

Ukitaka baadaye kufungua kampuni na kuomba zabuni za ukandarasi, utahitaji pia usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Na ukitaka kupanda, kazi zipo zaidi ya nyumba: mota na paneli za viwandani, sola na betri, jenereta, na sasa reli ya SGR, ambayo tangu 2024 inabeba abiria kwa treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kila moja inataka mafunzo yake. Sola hasa usiivamie kwa ujuzi wa nyumba, maana paneli haizimiki jua likiwaka, na cheche ya umeme wa mkondo mnyoofu haikatiki kirahisi kama ile uliyoizoea.

Siku ya kukabidhi kazi yako ya kwanza

Usiondoke mpaka umefanya haya mbele ya mwenye nyumba:

☐ Kila breka imeandikwa jina kwa wino usiofutika: taa za mbele, soketi za jikoni, hita.
☐ Umemwonyesha meni swichi na kumfanya aizime mwenyewe, pamoja na mtu mwingine mzima wa nyumba hiyo.
☐ Amebonyeza kitufe cha kinga ya uvujaji na kuona kinakata.
☐ Amepewa mchoro wa mabomba yalikopita, ili fundi wa kabati asije akatoboa waya.
☐ Vipimo vya ethi na ukinzani wa mpira vimeandikwa, nakala moja kwake, moja kwenye daftari lako.
☐ Risiti ina jina lako, namba ya leseni ya aliyesimamia, na namba ya simu unayopokea.